Kwa kijana wa Chake anayetaka kupiga picha za vyakula: yaliyonikuta mie

Assalaam aleikum jamaa zangu.

Kuna kijana wa Chake Chake, Pemba, ameuliza humu. Amenunua kamera ya mtumba yenye lenzi ile ya 18-55, anapenda kupiga picha za vyakula, na hamu yake ni kuziona siku moja kwenye majarida. Anataka kujua anunue lenzi gani sasa, na je, kazi hii inamlisha mtu hapa visiwani? Nimesoma majibu yote mliyompa, na takriban yote ni ugomvi wa Canon na Nikon. Mie ni mwanamke wa Mjini, Unguja, nimo kwenye picha tangu 2005, nimeshalipwa vizuri na nimeshadhulumiwa vizuri vilevile, basi ngojeni na mie niseme yangu. Ni marefu. Mwenye haraka apite.

La lenzi nalimaliza hapa hapa. Lenzi yako hiyo ivute mpaka mwisho, kwenye 55, rudi nyuma hatua moja, piga. Usiiweke kwenye 18 ukaisogelea sahani, sahani itavimba upande mmoja kama shavu la mtu anayeumwa jino. Ukipata pesa nunua 50 yenye f/1.8, yaani inayofunguka sana na kuingiza mwanga mwingi, ndiyo rahisi kuliko zote, na baada ya miaka utafute makro ya 100, ile ya kupigia vitu kwa karibu. Kabla ya hizo nunua stendi, maana mwanga wa dirishani ni mdogo, mkono unatikisika, na biriani haikimbii. Sirudi tena kwenye lenzi.

Nilianza kwenye studio ya picha za pasipoti karibu na Darajani. Kazi yangu ilikuwa kumwambia mtu anyanyue kidevu, kisha kuzikata picha nne nne na kuzitia kwenye bahasha. Mwisho wa wiki, harusi. Mji wetu una historia ndefu ya picha, kina Gomes, Wagoa, walikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Bosi wangu alikuwa na boksi la kadi za posta za zamani, nikikosa mteja nakaa nazitazama. Majahazi, Beit el Ajaib, masultani na vilemba vyao, wachukuzi na pembe za ndovu mabegani. Chakula sikuona hata sahani moja. Mji umekula pilau miaka yote hiyo na hakuna aliyeona kwamba pilau nayo ni ya kupigwa picha. Jambo hilo lilinikaa kichwani muda mrefu bila ya kujua nilifanyie nini.

Halafu ikaja ile giza. Wa Unguja mnaikumbuka: Desemba 2009 umeme ulikatika kisiwa kizima, hitilafu ya mfumo wa waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Studio bila ya umeme ni chumba tu. Mkahawa mmoja wa Shangani, wenye jenereta iliyotosha kugandishia samaki basi, ukanitaka nikapige vyakula kumi na viwili vya menyu yao. Taa zangu mbili hazina kazi. Nikaisogeza meza chini ya dirisha, ghorofa ya pili, dirisha la mbao la kizamani linalotazama ukuta wa nyumba ya jirani. Ukuta wenyewe haufiki hatua nne.

Hapo ndipo nilipoujua mwanga wa Mji Mkongwe. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, ikikaribia saa sita jua liko utosini, kivuli kinakuwa kama kimekatwa kwa mkasi. Mpige mtu au sahani nje saa hizo, utapata weusi na weupe tu. Lakini kwenye vichochoro vyetu jua halikufikii lenyewe. Linapiga ukuta wa chokaa wa jirani, ukuta unalirudisha dirishani mwako limeshapoa. Mwanga unaoingia umechujika kama tui lililopita kwenye kifumbu. Kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, kwa dirisha lile, hata sahani ya maharage inakuwa na heshima.

Tatizo likawa upande wa pili wa sahani, ule usiotazama dirisha. Giza. Mpishi alikuwa ametundika kanzu yake ya Ijumaa nyuma ya mlango. Nikamwomba, tukaitandaza kwenye kiti mkabala na dirisha, na papo hapo tambi zikaonekana moja moja. Sahani iliyofuata ilikuwa samaki wa kupaka, mchuzi wake mweupe, sasa mwanga ukawa mwingi, samaki kalala kama kapakwa plasta. Nikavua buibui langu nikalitundika mahala pa kanzu. Weusi ukaunywa mwanga, mchuzi ukapata mabonde na vilima. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo mfuko wangu una kanzu moja nyeupe isiyo na tarizi ya rangi, na buibui moja kuukuu. Vile vitambaa vya kukunja vya kurudishia mwanga wanavyouza madukani ninavyo. Viko chini ya kitanda.

(Tazama na rangi ya ukuta ulio jirani na meza yako. Ukuta wa kijani unaifanya nyama ionekane imelala siku tatu. Nimeshatoka nyumba ya watu na kuhamia uani kwa sababu ya ukuta, na mwenye nyumba akanuna.)

Aliyenifunza kazi khasa ni shangazi yangu, ambaye kamera hajaishika hata siku moja. Shangazi hupikia shughuli, harusi na hitima, Kikwajuni na Miembeni wanamjua. Jarida la kwanza lililonipa kazi lilikuwa la ndani ya ndege, walitaka kurasa nne za vitafunio vya Zanzibar. Nikamwomba anipikie mkate wa kumimina. Mnajua unavyopikwa: mchele umeloweshwa usiku, ukasagwa na tui zito, ukatiwa iliki, sukari na hamira, ukaachwa uumuke, halafu unamiminwa kwenye kikaango kilichopakwa samli juu ya seredani yenye makaa machache. Chini ukishashika, kikaango kinageuzwa, uso wa mkate unatazama makaa mpaka unababuka rangi ya asali. Ulipotoka nikauweka dirishani, kamera imeshasimama kwenye stendi, kanzu imetandazwa. Nikachukua kisu, maana mhariri alitaka kipande kimoja kimetolewa ili msomaji aone yale matundu ya ndani yaliyosimama wima.

"Wee! Haujapumzika!" Shangazi alipiga kelele kutoka mlangoni, na mie kisu kimeshazama.

Ndani ulikuwa ubwabwa. Umegandamana na kisu, tundu hata moja hulioni. Tukapika wa pili. Huo nikausubiri zaidi ya saa nzima, nimekaa mikono mapajani kama mtoto wa chuoni. Nilipoukata, matundu kama sega la nyuki. Ila sasa uso, uliokuwa uking'ara ulipotoka motoni, ulikuwa umekauka na kufifia. Shangazi hakusema kitu. Akachovya unyoya wa kuku kwenye samli ya vuguvugu, akaupitisha juu mara moja, mara moja tu, akarudi jikoni. Picha hiyo ndiyo iliyochapwa, na kwa picha hiyo nimepata kazi nyingine nne.

Tangu siku ile naulizia kila chakula dakika yake. Juisi ya miwa dakika yake ni fupi, ikitoka mashineni rangi ni ya kijani na njano, ukizubaa imekuwa maji ya mfereji, ukiikamua pamoja na ndimu itakusubiri kidogo. Majani ya kotimiri yanalala kabla hujamaliza kuweka kijiko. Pweza akikaa hewani ngozi inafifia, kwa hiyo sahani naipanga kwanza na pweza wa uongo, yaani kitambaa cha rangi ya zambarau kilichokunjwa, naweka mwanga sawa, naweka kamera sawa, kisha ndiyo naita: "Mama, mlete!" Pweza wa kweli hakai mbele ya kamera zaidi ya dakika tano.

Na kahawa. Kila mhariri anataka mvuke. Kwenye joto letu la Februari mvuke hauonekani, hewa ya moto inaumeza kabla haujapanda. Nilihangaika sana mpaka muuza kahawa mmoja, mzee wangu sana, akaniambia nije baada ya sala ya alfajiri, mwezi wa Julai, kipupwe. Nikaja. Yeye akamimina kutoka kwenye dele, nyuma yake mlango wa mbao mweusi, na mwanga wa kwanza ukiingia kutokea nyuma ya kikombe. Mvuke ukasimama kama uzi. Wanaopiga na mwanga ukitoka mbele, begani mwao, hawaupati mvuke hata maji yachemke mezani. Lazima mwanga utoke nyuma na nyuma yake kuwe na weusi. Mzee yule hakutaka pesa. Alitaka picha yake ya fremu, na iko nyumbani kwake mpaka leo.

Nije kwenye urojo, maana umenitesa kuliko vyote. Supu ya njano ya unga, ndimu na bizari, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki, muhogo wa kukaanga, chatne ya nazi, pilipili. Mdomoni ni karamu. Kwenye picha ni bakuli la rangi ya nyumba, kwa sababu kila kitu kinazama. Kuna kisa maarufu katika kazi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani, kwenye matangazo ya supu ya Campbell, walitia gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zisizame zionekane nyingi. Mamlaka yao ya kusimamia biashara, FTC, ikawashika kwamba wanawadanganya wateja, na shauri likamalizika mwaka 1970 kwa kukubali kwamba hawatorudia.

Sasa mie niungame hapa mbele yenu. Kwenye urojo wangu wa jarida nilifunika kibakuli kidogo kifudifudi ndani ya bakuli kubwa, nikapanga kachori na bajia juu yake, ndipo nikamwagia urojo pembeni. Ni gololi zile zile? Nimebishana na nafsi yangu sana. Hukumu niliyoifikia ni kwamba wao walikuwa wanauza kopo, na mnunuzi alihesabu mboga alizoziona kwenye picha. Jarida halimuuzii mtu bakuli langu, linamwonesha urojo una nini ndani. Hoteli ikinitaka nipige urojo wa menyu, ule watakaouuza kwa bei waliyoandika, kibakuli sitii. Unapigwa ulivyo, na nikikosa picha nimekosa. Ukiona najitetea, ni kweli najitetea.

Utasoma mitandaoni kwamba maziwa hupigwa kwa gundi nyeupe, asali kwa oili ya gari, aiskrimu kwa viazi vilivyopondwa. Wamefanya hivyo, khasa enzi za taa kali za studio ambazo aiskrimu haihimili. Mie sifanyi. Chakula ninachopiga lazima kiliwe. Nimelelewa kwamba kumwaga chakula ni israfu, na hilo halina mjadala nyumbani kwetu. Tena watoto wa mtaani kwetu washaijua ratiba, wakiona kanzu imetandazwa dirishani wanajipanga ngazini, wakubwa nyuma wadogo mbele. Nikishatia gundi niwatokee na nini? Nikitaka king'are napaka samli au mafuta ya kupikia, nikitaka umande nanyunyiza maji. Hayo yanatosha.

Kwa hilo hilo, kuna hoteli ilinitaka nipige nyama ya nguruwe na mvinyo wa Krismasi, nikawaambia hapana, nikawaelekeza kwa mwenzangu asiye Muislamu. Wako wenzetu wanapiga, kila mtu na kitabu chake. Wewe amua mapema, usije ukaamua siku umedaiwa kodi.

Kuna la kanga vilevile. Wahariri wa nje wanapenda kanga chini ya sahani, wanaona ni kitambaa kizuri chenye maua. Nilikwenda kupiga vileja na visheti kwa bibi mmoja shamba, nikamwomba kanga, akatoa mpya kabatini, nyekundu na nyeusi, inapendeza. Nikaitandaza, nikapanga, nikapiga, nikaenda zangu. Jarida, la ndani ya ndege, likatoka. Ukurasa mzima, na chini ya sahani, herufi kubwa, imesomeka kamili: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Mhariri hajui Kiswahili, mie macho yangu yote yalikuwa kwenye visheti. Kumbe yule bibi ana mke mwenza, na kanga ile alikuwa hajaivaa kwa sababu anaivizia siku. Nakala ikafika kijijini, sijui nani aliipeleka. Kijiji kizima kikasema fulani kampasha mwenzake mpaka ndani ya ndege. Nilikwenda na kilo mbili za sukari kila nyumba, nyumba mbili, kuomba radhi. Yule mwenye kanga akaniambia kwa sauti ya chini nisijali, imefika. Sasa natumia mji wa kanga, pale katikati, peke yake, na jina, yaani yale maneno, nalikunja ndani.

Majarida yana mambo yao ambayo picha za simu hazina. Kwanza, mwezi wao si mwezi wako. Jarida la kila mwezi hupanga toleo miezi miwili mitatu kabla, kwa hiyo ukurasa wa futari hupigwa Rajabu, na mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, ratiba ya mwaka jana haikusaidii. Mwaka mmoja tulipika futari kamili saa nne asubuhi katikati ya Rajabu, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, tende. Jirani akachungulia akauliza kama tumeanza kufunga sunna au tumerukwa na akili. Na ikitokea kazi imeangukia Ramadhani yenyewe, mie nafunga na napiga. Kuonja siwezi, shangazi anatia chumvi kwa kunusa, na naapa hajawahi kukosea. Saa tisa alasiri, sambusa inachuruzika mafuta mbele ya lenzi na wewe tumbo linanguruma, hapo ndipo utajua kama kazi unaipenda.

Pili, nafasi. Jalada la jarida lina jina juu na maneno pembeni. Mara ya kwanza nilipopewa nafasi ya kugombea jalada, nilijaza fremu yote kwa sinia la biriani, nzuri sana, na ikarudishwa: hapana pa kuweka jina. Siku hizi napiga wima, theluthi ya juu naiacha tupu, mkeka au meza tu. Picha ya kurasa mbili, katikati pana mkunjo, usiweke hapo kichwa cha samaki. Tatu, wino wa kiwandani haufiki rangi za skrini. Nyekundu ya pilipili na njano ya urojo zinazowaka kwenye kompyuta zikichapwa zinapoa, basi usizitie chumvi sana ukadhani umeongeza ladha.

Sasa pesa, maana hilo ndilo ulilouliza na mie nimekuzungusha. Majarida pekee hayalishi. Katika kila shilingi kumi ninazopata, majarida hayaniletei hata tatu. Zinazolipa kodi ni menyu za hoteli, picha za wauza viungo, na harusi bado, sijaona aibu. Jarida linakupa jina, na kwa jina hilo hoteli inakupigia simu. Hata huko kwenye majarida makubwa hali si ile. Gourmet, jarida la vyakula la Marekani, lililokuwapo tangu 1941, lilifungwa mwaka 2009. Na mwaka 2020 ndege zilipolala kwa korona, mashirika mengi yaliyaondoa majarida kwenye viti, wengine hawakuyarudisha tena. Mie mwaka huo hoteli zilikuwa zimefungwa, majarida hayapo, nikauza vitumbua na mama yangu tangu Aprili. Picha nzuri za vitumbua ninazo nyingi za mwaka huo.

Na nimedhulumiwa. Jarida moja la nje, silitaji, lilichukua picha kumi na nne, likazichapa, likasema malipo siku tisini baada ya kutoka. Siku tisini zikapita, nikaandikiwa mhasibu kabadilika. Zikapita nyingine, kampuni imebadilika mwenyewe. Miaka miwili baadaye niliikuta picha yangu ya pweza ukutani kwenye mkahawa wa Nungwi, kubwa kama mlango, jina langu halipo, mwenye mkahawa kainunua kwa mtu. Nikala pale pale chini ya picha yangu, nikalipa bili. Sikuwa na karatasi hata moja. Basi wewe uwe nayo: nusu ya malipo kabla, na maandishi ya picha itumike wapi na kwa muda gani, hata kama ni ujumbe wa simu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki, ipo Mjini. Ukienda na karatasi wanakusikiliza. Mie nilikwenda na uchungu tu.

Vifaa hapa kwetu vinaliwa na unyevu. Lenzi ikikaa kabatini masika nzima inaota kuvu ndani, utaona nyuzi kama za buibui, na fundi wa kuzisafisha anakutoza karibu na bei ya lenzi. Weka kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Mchele wanaousema watu unaacha vumbi. Mchele kula.

Wewe ni mwanamme, na hapo una mtihani ambao mie sikuwa nao. Jikoni kwa watu huingii. Usione vibaya. Piga hodi, sema shikamoo, kaa barazani mpaka uambiwe karibu, kamera iwe mfukoni. Nenda na mama yako au dada yako mara ya kwanza. Omba kupiga mikono na chungu tu, uso usiuombe. Mikono yenye hina inayokuna nazi kwenye mbuzi inatosha kubeba ukurasa. Na ukishapiga, muoneshe mwenyewe picha kwenye kioo cha kamera pale pale kabla hujaondoka, akisema ifute, ifute. Nyumba moja ikikuamini, tatu zitakuita. Ukikosea moja, Chake ni ndogo.

Tena wewe una kitu ambacho sisi wa Mjini tunakililia. Forodhani, kule kwenye vyakula vya usiku, imeshapigwa na kila mgeni mwenye simu, sina hamu tena ya kuona mtu anakunja Zanzibar pizza. Pemba haijapigwa. Shelisheli la kuchomwa, mkate wa mofa, wavuvi wanaposhuka na kilichopatikana, hivyo majarida hayanavyo. Na karafuu, subhanallah. Nilikuja huko msimu mmoja kwa kazi ya siku mbili nikakaa tisa. Wakati wa kuchambua, watu wamekaa duara usiku wanatenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, vidole vimekuwa rangi ya chai. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, siku ya kwanza zina kijani na uwaridi, siku ya pili zinaanza kupiga wekundu, jua likiwa kali siku ya nne au ya tano zimekuwa kahawia na zinavunjika kwa mlio. Mie nilipiga siku ya kwanza na siku ya mwisho. Katikati mvua ilinyesha, watu wakakimbia kukunja majamvi, na mie badala ya kupiga nikaiweka kamera chini nikakimbia nao. Rangi zile za katikati sina.

Nazitaka. Msimu ujao nakuja na boti, inshallah, na nitahitaji mtu wa kunishikia kanzu kwa upande wa pili wa jamvi kuanzia saa moja asubuhi, siku tano mfululizo. Nalipa, si kingi, na nusu kabla. Njoo na hiyo kamera yako uwe unapiga nikipumzika. Niandikie pembeni. Na kanzu njoo na yako, iwe imepigwa pasi.